Jibu: Pesa za barabara ya wadi zilikatwa au hazikutolewa?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama pesa za barabara ya wadi yenu hapa Nairobi zilikatwa au zilikwama tu. Kwanza hakikisha barabara ni ya kaunti. Ikiwa ni ya KURA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za mijini, hutaipata kwenye bajeti ya kaunti hata ukeshe ukitafuta.

Kisha tafuta bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka huo wa fedha (Julai 1 hadi Juni 30), pamoja na bajeti ya ziada, yaani ile inayorekebisha ya kwanza katikati ya mwaka. Usiiruke hiyo ya ziada. Miradi mingi ya wadi hupunguzwa humo kimyakimya. Linganisha jina la mradi na kiasi, mstari kwa mstari.

Ikiwa kiasi kimepungua, pesa zilikatwa. Ikiwa hakijabadilika, fungua ripoti ya Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget), ofisi ya kitaifa inayofuatilia matumizi ya bajeti, sura ya Nairobi. Soma safu tatu: iliyoidhinishwa, iliyotolewa, iliyotumika. Tuseme idara iliidhinishiwa milioni 40, ikapewa 10, ikatumia 9. Ukigawanya 9 kwa 10 unapata asilimia 90, inapendeza. Kwa 40 ni asilimia 22.5 tu. Hesabu hii ya pili ndiyo inayomhusu mwananchi.

Halafu usijumlishe ripoti: ya miezi sita tayari imebeba ile ya robo ya kwanza.

Orodha ya miradi isipopatikana, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Taja wadi, mradi na mwaka, na udai nakala yako igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa.