Dada, usimwachishe mama vidonge vya presha eti "kusafisha chanjo", mimi hilo limenila mkono

Dada mleta uzi, hilo dumu msilifungue. Salamu baadaye. Umesema mama ana miaka 61, kachoma dozi ya pili ya chanjo ya homa ya ini B wiki tatu zilizopita, tangu hapo anachoka, kichwa kizito, usingizi wa mang'amung'amu, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na jirani kawaletea dumu la dawa ya kutoa sumu ya chanjo, siku 21, sharti aweke pembeni vidonge vyote vya hospitali. Unauliza ale nini, afanye mazoezi gani, na dozi ya tatu aende au asiende. Mimi nilipofika kwenye "aweke pembeni vidonge" nikasimama hapohapo nikaanza kuandika, tena kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, sababu utaiona mbele.

Mimi ni fundi seremala, Keko, hapa Dar. Mwezi wa nane 2021 nilichoma Janssen, zile chanjo za kwanza za korona ambazo Rais Samia alizizindua tarehe 28 Julai kwa kuchomwa yeye mwenyewe. Usiku ule homa, bega linauma siwezi kulilalia, nikanywa panadol mbili, siku ya tatu nikaamka mzima nikaenda kibandani. Hadi hapo hamna jipya, mwili ukioneshwa adui unaamsha askari wake, ile homa na maumivu ndo purukushani zao, na kwa watu wengi zinaisha ndani ya siku mbili tatu.

Shida ilianza wiki ya pili. Nikipiga randa mbao mbili nakaa chini. Kichwa kizito kisogoni. Usiku silali, nimejifunika shuka gubigubi nasikiliza sauti za WhatsApp, mtu anasema kwa uhakika kabisa waliochoma wote hawafiki miaka miwili, nikizima hiyo inaingia nyingine, na moyo ukidunda kidogo nasema ndo yenyewe hii. Mtu ukishaanza kuyasikilizia mapigo yako gizani yanazidi, yanakuwa kama mtu anagonga mlango. Nilikuwa natumia amlodipini, kidonge cha presha, tangu 2017. Duka la dawa lenye mashine ya presha lipo hatua hamsini kutoka kibandani kwangu, napita pale kila siku nikienda kununua gundi na misumari. Sikupima. Wiki nzima nimeogopa chanjo na sikupima hata mara moja.

Ndo shemeji yangu akanipeleka kwa huyo mtu. Alinikaribisha vizuri, mpole, anaongea taratibu, akasikiliza nusu nusu halafu akatoa dumu la njano la mafuta ya kula, lita 5, mdomo umefungwa kwa nailoni chini ya kifuniko, ndani maji ya rangi ya chai iliyokolea na mashapo mazito chini. Shilingi 45,000. Glasi asubuhi, glasi jioni, nyungu mara mbili kwa siku, siku 21. Hakuniuliza natumia dawa gani, nilimwambia mwenyewe, akatikisa kichwa kama anayenionea huruma, akasema hizo za hospitali ndo zinaishikilia chanjo isitoke, ziache zote.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Dozi ya Janssen ni nusu mililita, matone kama kumi tu. Yanaingia kwenye msuli, mwili unayasoma, unayavunjavunja, kinachobaki ni kumbukumbu ya askari. Hakuna dimbwi limekaa tumboni linasubiri kuharishwa. Matone kumi yaliingia begani, mtu kaniuzia lita 5 za kuyatolea chini, na mimi nikalipa.

Siku ya kwanza niliharisha mara sita. Baadaye nilijua mule ndani kulikuwa na sanamaki, yale majani ya kuharisha, ya kutosha kumfungua tembo. Nikampigia simu, akasema sumu inatoka. Siku ya nne miguu inabana misuli usiku, akasema sumu inatoka. Siku ya saba nikitoka kwenye nyungu naona vimulimuli na kuta zinazunguka, akasema hapo ndo imefika kwenye damu, inapambana, usikate tamaa. Dada, mtu mwenye jibu moja kwa kila dalili mkimbie. Mwenyewe nilijisikia mwepesi, nikawa namsifia kwa watu, yaani nimeharisha maji na chumvi zote za mwili, presha haina dawa siku ya saba, na mimi nausifia wepesi.

Siku ya tisa, Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa napiga randa fremu ya mlango wa mninga. Randa ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, vidole vikaigusa, ubaridi wa chuma nausikia kabisa, ila havikufunga. Nikajaribu tena. Nikakaa nimeinama naviangalia vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Kijana wangu wa kazi akasema fundi, mbona mdomo umeenda upande, nataka kumjibu natoa sauti kama ya mlevi. Mungu ambariki yule kijana, hakunipaka mafuta wala kunipa maji, alisimamisha bajaji akanisukumia ndani na makombo ya mbao yangali kwenye nywele.

Hospitali walikuta 214 kwa 128. Daktari aliuliza chanjo ipi na lini, maana Janssen ina shida adimu ya damu kuganda wiki za mwanzo, wakapima chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikawa sawa, CT scan ikaonyesha mshipa mdogo umevuja ndani kabisa ya ubongo, pale ambapo presha kubwa hupenda kupasua. Kisha akauliza vidonge umeacha lini. Nikaonyesha vidole vya mkono mzima, tisa, kwa awamu mbili. Akanyamaza kidogo. Akasema na potasiamu yako, moja ya chumvi za mwili, imeshuka sana, umekuwa ukiharisha?

Wodini siku kumi na moja. Baada ya hapo miezi saba ya mazoezi ya viungo, naokota maharage moja moja kutoka kwenye bakuli natia kwenye jingine, mtu mzima, mke wangu ananihesabia. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, mkono wa kulia umerudi nusu. Randa siwezi, patasi siwezi. Mashine ya randa ya umeme niliuza tukalipia matibabu na ada ya mtoto. Leo vijana wanafanya kazi, mimi nakaa kwenye stuli natazama ubao na kusema toa kidogo hapo.

Na yule bwana nilimtafuta. Akasema hukufuata masharti. Wewe mtu, popote ulipo, niliyafuata yote, ndo maana nimekaa kwenye hii stuli. Uliona kidonge cha presha ukakiita adui bila hata kuniwekea mashine mkononi, ukala elfu 45 yangu na bado unatembeza madumu, leo jirani wa huyu dada, kesho nani. Na nyie mnaorekodi sauti za kutisha watu na kuzisambaza usiku, na nyie mna sehemu yenu. Atakayekuja kusema nimelipwa kutetea chanjo aje Keko anishike huu mkono kwanza, halafu tuongee.

Dada, sheria yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: USIACHE DAWA WALA USIONGEZE DAWA KABLA HUJAPIMA. Kesho asubuhi mpeleke mama apimwe. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi kizima, ni kipande cha protini ya ganda lake tu, haiwezi kumpa homa ya ini, na maudhi yake kwa kawaida ni siku moja mbili. Kwa hiyo uchovu wa wiki tatu huenda una mlango mwingine umeingilia na lazima utafutwe: presha, sukari, wingi wa damu, kipimo cha moyo, na tezi ya shingo daktari akiona inafaa. Kama ana homa apimwe malaria, hapa Dar watu wanasingizia chanjo huku vimelea vinawala. Muambieni daktari tarehe ya chanjo na jina lake, akihisi inahusika kuna fomu ya kuripoti madhara inakwenda TMDA, mamlaka ya serikali ya kusimamia dawa, ni haki yake. Na hilo dumu, hakuna anayejua lina nini, na kila akimezacho kitapita kwenye ini lilelile mliloenda kulikinga.

Presha mpimeni nyumbani pia ila kwa utaratibu. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, asiongee. Mara mbili, mpishanishe dakika moja, muandike kwenye daftari na saa. Mimi daftari langu limejaa, la tatu hili.

Kwa nyumbani, mambo ya upole tu. Atembee taratibu dakika kumi jioni jua likishapoa, kwa mwendo anaoweza kuongea bila kuhema, akiona kesho yake kachoka zaidi apunguze. Hizo ngazi na moyo kwenda mbio asizilazimishe kwanza mpaka kipimo cha moyo kitoke. Maji, chakula chake cha kawaida chumvi kidogo. Simu itoke chumbani saa tatu usiku, hili kwangu lilirudisha usingizi kuliko chochote. Kichwa kikiuma panadol mbili, zisipungue masaa sita kati, zisizidi nane kwa siku, na msimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, inapandisha presha na inaumiza figo.

Asisubiri kesho akipata maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuzimia, mguu mmoja kuvimba, kichwa kupasuka ghafla, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukorogeka. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku. Mkiwa na swali dogo Wizara ya Afya wana namba 199, ya bure.

Hujasema presha ya mama ni ngapi, hapo ndo roho yangu inaniuma, maana na mimi nilikuwa siijui yangu. Duka la dawa hapo kwenu halijafungwa saa hizi. Mpeleke, rudi uiandike hapa, namba zote mbili, ya juu na ya chini. Sijalala.