Maswali ya Wasomaji: Mashua ya Tanga Uani

SWALI: Mimi ni seremala wa milango na vitanda hapa Igombe, Mwanza. Nataka kuunda mashua ndogo ya tanga ya watu wawili. Nitumie mbao za kupigilia kama mitumbwi ya wavuvi, au plaiwudi? Na nichague tanga la aina gani?

JIBU: Plaiwudi. Chombo cha mbao za kupigilia kinataka mkuku (boriti ya chini inayobeba chombo), mataruma (mbavu zake) na kalafati (pamba ya kuziba mianya), na kikianikwa juani muda mrefu mbao husinyaa, mianya ikafunguka. Kwa mashua ya urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.4, nunua plaiwudi nne za futi 8 kwa 4, unene milimita 6. Muhuri unaosema ni ya majini usikuridhishe. Omba kipande, kichemshe saa moja, kikaushe, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya dari.

Futi 8 hazifiki mita 3.6, kwa hiyo utaunganisha plaiwudi mbili kwa kuchonga kila ncha mteremko wa milimita 48 (mara nane ya unene), kisha uzilaze moja juu ya nyingine kwa gundi. Ukiuchonga mfupi zaidi, kiungo kitavunjika utakapoukunja ubao kuelekea omo (mbele ya mashua).

Vipande vya plaiwudi hushonwa pamoja kwa waya wa shaba: tundu kila sentimita 15, sentimita 1 kutoka ukingoni. Usimalize kukaza upande mmoja kabla ya mwingine. Kaza nusu pande zote, kisha pima kutoka ncha ya omo hadi kila pembe ya shetri (nyuma ya mashua). Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5, legeza uanze upya, kwa sababu gundi ikishakauka mpindo hautoki tena, na mashua itakuwa ikivuta upande mmoja siku zote.

Gundi ni epoksi, na hapa ndipo mafundi waliozoea faibaglasi ya magari huharibu kazi. Wao huongeza kigumisho ili ikauke haraka. Epoksi haitaki hivyo: fuata uwiano ulioandikwa koponi, maana kigumisho kikizidi itabaki laini milele. Changanya kidogo kidogo kwenye sahani pana, asubuhi. Ikirundikwa kikombeni kwenye joto la saa saba hujichemsha yenyewe ikaganda kabla hujaitumia. Kwa pembe za ndani, ongeza unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Kingo za plaiwudi zipake mara tatu. Maji baridi ya ziwa hayana kiwavi wa baharini anayetoboa mbao, lakini huozesha haraka kuliko maji ya chumvi. Juu ya epoksi lazima rangi, kwani jua huiua.

Sasa tanga. Tanga la pembe tatu la jahazi lina nguvu na kila mvuvi analijua, ila foromali yake (mti unaobeba tanga) ni ndefu, na kuizungusha mbele ya mlingoti kunawalazimu kusimama ndani ya chombo chembamba. Tanga refu la mashua za mashindano linabisha (kwenda kuukabili upepo) vizuri kuliko yote, lakini linadai kamba za chuma na mlingoti mrefu. Sisi tunapendekeza tanga la pembe nne linaloning'inia kwenye foromali fupi, eneo mita za mraba 6.5. Mlingoti wa msonobari ulionyooka, mita 4, kipenyo sentimita 7 penye benchi na 4.5 kileleni, unasimama bila kamba za pembeni. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ni moja tu. Dhoruba za ziwa hili huja ghafla. Ukiachia henza, tanga zima linaanguka ndani ya mashua.

Chini ya kingo za ndani funga madumu manane ya lita 20 yenye vifuniko vya kubana, manne kila upande. Ijaze mashua maji ufukweni, mkae wawili ndani, muone kama inaelea. Ukaguzi na usajili waulize TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kabla ya kuishusha, na jaketi okozi ziwe mbili.

SWALI: Mashua yangu ina tanga hilo la pembe nne, lakini omo hukimbilia upepo na mkono unachoka kwa kushikilia usukani. Pia kuna mkunjo mkubwa wa mshazari. (Nansio, Ukerewe)

JIBU: Tanga limekaa nyuma mno kuliko ubao wa kati (ule unaoshushwa majini katikati ya mashua). Sogeza foromali mbele sentimita 10, au inamisha mlingoti mbele kidogo, ujaribu tena. Mkunjo ukianzia pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti kwenda penye demani (kamba ya kuongozea tanga), kamba ya kuvutia tanga chini haijakazwa. Wengi huikaza kwa mkono mmoja wakaona inatosha; weka kapi (roda ya kupitishia kamba). Henza nayo ifungwe kwenye foromali takriban asilimia 40 kutoka ncha ya mbele.

Ukipita penye magugumaji, inua ubao wa kati kabla hayajausonga.

SWALI: Turubai linafaa kwa tanga? (Sengerema)

JIBU: Linafaa kwa kuanzia. Chagua zito; lile jepesi la buluu huvutika, na jua hulichana. Shona kwa uzi wa poliesta na uzungushe dasi (kamba inayoshonewa ukingoni) kingo zote. Ukingo wa juu, unaofungwa kwenye foromali, ukate na uvimbe wa sentimita 5 katikati ili tanga lipate tumbo. Ukiunyoosha kwa rula litakuwa bapa, na mashua haitabisha.