Kabla ya Kumlaumu Kicheche

Ninafuga kuku wa kienyeji katika kihamba cha familia huku Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na kwa misimu miwili mfululizo nilipoteza karibu vifaranga wote waliototolewa. Usiku alikuja kicheche, mchana nguchiro alipenya kwenye ua wa masale, na asubuhi nilikuta manyoya machache chini ya migomba na kuku mama akizunguka peke yake huku akiita. Nilitega mitego, nikanasa kicheche mmoja, kisha wa pili, na kila nilipodhani nimemaliza, baada ya wiki chache alitokea mwingine. Ninaandika haya kwa sababu hatua niliyochukua baadaye kwa nia njema iliniletea hasara kubwa zaidi, na ninawaona wafugaji wengi wa huku wakielekea kuichukua hiyo hiyo.

Wakati huo mahindi yetu yalikuwa darini juu ya jiko, magunia yametobolewa kila upande, na pumba ya kuku ilikaa kwenye mfuko usiofungwa kando ya banda. Panya walikuwa wengi kiasi kwamba tuliwasikia wakikimbizana tangu jua linapozama. Nilichowahesabia ni chakula tu: wakila debe moja, kuku wangu wamekosa debe moja. Siku moja jirani yetu, bibi aliyefuga kuku tangu usichana wake, aliona kinyesi cha kicheche kando ya mfereji, akakivunja kwa kijiti na kunionyesha. Kilijaa malaika ya panya na vimifupa vyembamba kama sindano, wala hapakuwa na unyoya hata mmoja wa kifaranga. "Mwanangu," aliniambia, "huyu hakufuata kuku wako. Amefuata panya, kuku amewakuta njiani."

Jambo alilolieleza bibi lilipewa hesabu zake na mwanaikolojia wa Marekani, Robert Holt, katika makala aliyoichapisha mwaka 1977. Alionyesha kwamba wanyama wa aina mbili wanaoliwa na adui mmoja wanaweza kupunguzana hata kama hawagombei chakula, maji wala makazi, kwa kuwa aliye wengi humlisha adui, adui huongezeka au hukaa karibu zaidi, na mzigo humwangukia mwenzake. Kwa mtazamaji wa nje huonekana kama wanashindana. Kwa Kiswahili ningeuita ushindani wa kudhaniwa. Anayeumia kwa kawaida ni yule asiyeweza kufidia vifo vyake upesi. Kuku hulalia mayai siku 21, kisha hulea vifaranga kwa miezi kadhaa kabla ya kutaga tena. Panya shamba hubeba mimba kwa takriban siku hizo hizo, huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na jike lake lina chuchu zinazoweza kufika 24. Kicheche akila panya kumi pengo halionekani, lakini akila vifaranga kumi msimu wangu umekwisha.

Mfano ulionifungua macho zaidi uko mbali na hapa, katika visiwa vya Channel, pwani ya California. Huko wanaishi mbweha wadogo, wenye ukubwa wa paka, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Nguruwe walioletwa na binadamu walizaliana msituni, na katika miaka ya 1990 tai wakubwa kutoka bara waliweka makazi visiwani kwa sababu vitoto vya nguruwe viliwapa chakula mwaka mzima. Tai hao hao waliwakamata mbweha, na katika kisiwa cha Santa Cruz mbweha wakabaki chini ya mia moja. Zingatia utaratibu wa uokoaji, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo la mfugaji. Wahifadhi waliwaweka baadhi ya mbweha kwenye vizimba ili wazaliane kwa usalama, wakaanza kuwakamata tai wakiwa hai na kuwahamishia bara tangu mwaka 1999, na nguruwe wakaondolewa baadaye, kati ya mwaka 2005 na 2007. Kama wangeanza na nguruwe, tai wenye njaa wangebaki na mbweha peke yao. Mbweha wa Santa Cruz waliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2004, wakaondolewa humo mwaka 2016.

Mimi nilianza na nguruwe, yaani panya. Nilitandaza sumu jikoni na darini, nikafurahi kuona ukimya umerudi, na katika siku kumi zilizofuata nikapoteza vifaranga 19 kati ya 23, kwa kuwa kicheche alikuwa bado yupo na banda langu lilikuwa bado la mbao zenye nafasi. Nilimkuta pia bundi amekufa chini ya mparachichi, na ninaamini alikula panya mwenye sumu. Kifo kile kiliniuma, maana bundi alikuwa akinisaidia bure.

Kwa hiyo shika mpangilio huu. Kwanza banda: wavu wenye matundu madogo ambayo kidole gumba hakipiti, uliozikwa ardhini kina cha sentimita thelathini hivi, na mlango usioacha mwanya chini. Pili mahindi yaingie kwenye kihenge cha chuma au pipa lenye mfuniko, na pumba isilale nje. Panya waje mwisho, kwa mitego, wapungue polepole.

Uhusiano huu huu unaweza kukufaa bustanini. Wakulima wa vitalu nyumba katika nchi kadhaa hupanda shayiri kati ya hoho, kwa kuwa vidukari wa shayiri hawali hoho lakini huwalisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari wa hoho na kuwaua.

Kwa wenzangu wa huku, mahindi ya masika yanavunwa kuanzia Agosti, na panya huingia nyumbani pamoja na magunia. Wavu uwe umeshafungwa Julai.