Programu ya bure nayo ina mgemaji wake

Watu wa Iringa tunajua ulanzi, pombe ya mwanzi, hautoki wenyewe. Mgemaji hukata mwanzi mchanga, hutega mbeta, chombo cha kukingia, kisha asubuhi na jioni hurudi kuukwangua upya ule mkato. Akizembea, mwanzi hukauka mdomo. Programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, nazo ni hivyohivyo, na mimi nililijua hilo kwa aibu.

Tulikuwa sita. Tulirekodi wazee wa Kalenga na vijiji jirani. Mmoja wao alikuwa mtoto mwaka 1954, fuvu la Mkwawa liliporudishwa kutoka Ujerumani. Sauti tukaziweka kwenye Omeka, programu huria ya makusanyo ya historia iliyotoka mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hatukulipa hata senti. Kijana aliyetuwekea programu akapata kazi Dodoma, akaondoka na nywila. Hata domeni, yaani anwani ya tovuti, aliisajili kwa barua pepe yake. Masika yakaingia, mwenye seva akapandisha toleo la PHP, lugha ya kompyuta ambayo Omeka huitegemea, na programu yetu isiyosasishwa ikagoma: ukurasa mweupe pee.

Wiki hiyohiyo akaja binti aliyetoka kumzika bibi yake. Alitaka kumsikia tu. Bahati nzuri nilikuwa na diski ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Alisikiliza akiwa amesimama, kopo amelibana kwapani.

Kwa hiyo kabla hujaipenda programu, uliza nani anaitunza, toleo la mwisho limetoka lini, na kwenu nani ataisasisha. Domeni iwe ya kikundi. Nywila zikae kwa watu wawili, bakapu ikae nyumba nyingine. Sisi sasa tunachanga elfu tano kila mtu kwa mwezi, kama mchango wa harusi, ila harusi hii haina siku ya kuvunja kamati.

Halafu rudisha kitu. Koha, programu ya maktaba inayotumika nchi nyingi, ilianzia kwenye maktaba za Horowhenua, wilaya ndogo tu ya New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori, maana yake zawadi, ile zawadi inayomwachia mpokeaji deni la heshima. Wanaoandika programu hizi wana kodi za nyumba kama wewe. Ruzuku ikiisha na watumiaji tumenyamaza, watamwonyesha nini mfadhili? Si lazima ujue kuandika programu. Ukikuta kosa, waandikie ulibonyeza wapi na kikatokea nini. Au tafsiri.

Kutafsiri nako kuna vituko. Neno “Contributor” la Kiingereza tuliliandika “Mchangiaji” mbele ya jina la kila aliyetupa simulizi. Babu mmoja alipoonyeshwa jina lake kwenye simu, akavua miwani.

“Mimi nimechanga nini? Hata mia sikutoa. Watu watakuja kunidai risiti.”

Tukabadilisha jioni ileile. Sasa inasomeka “Msimulizi”.