Priampu ya raki kwa mpiga besi: itazame mgongoni kwanza

Mpiga besi mgeni akionyeshwa priampu ya raki, mkono wake hukimbilia nobu za mbele. Mimi humwomba muuzaji aigeuze. Mbele kuna taa na jina. Mgongoni ndiko utakakojua kama itakufaa kwa kazi za hapa Nairobi, maana kwenye nyingi ya kazi hizo wasikilizaji hawaisikii spika yako hata kidogo. Kanisani, kwenye ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kwenye harusi ya hemani, fundi mitambo huchukua waya mmoja kutoka kwako, akaupeleka kwenye mikseri yake, na kinachotoka kwenye spika zake ndicho watu watakachosema ni besi yako. Basi unaponunua priampu, unaununulia waya ule. Kama sauti nzuri inaishia kwenye spika iliyo nyuma ya miguu yako, umejifurahisha peke yako.

Kwa anayeanza kabisa: umeme unaotoka kwenye gitaa la besi ni mdogo mno. Priampu huukuza na kuutengeneza sauti, lakini haina nguvu ya kusukuma spika. Kazi hiyo ni ya pawa, yaani ampu ya nguvu. Ampu ya kawaida ina vyote viwili ndani ya sanduku moja. Kwenye raki umevitenganisha, kila kimoja na kisanduku chake chenye upana wa inchi 19, na kimo kinachohesabiwa kwa U, U moja ikiwa inchi 1.75. Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha pawa au kuazima spika ya mwenye ukumbi bila sauti yako kuguswa. Hasara ni gharama na mzigo. Na kama unapiga kanisani tu, mahali penye monita tayari, pedali ya sakafuni yenye DI (njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikseri) itakutosha kwa miaka, na hakuna aibu kutoka dukani bila raki.

Turudi mgongoni. Tafuta tundu la XLR, lile la pini tatu linalofanana na la maikrofoni. Hilo ndilo DI. Usidhani kila priampu ya heshima inalo. Alembic ya Marekani ina F-1X yenye chaneli moja na XLR mgongoni, na ina F-2B yenye chaneli mbili, ambayo imeheshimiwa miaka mingi (David Gilmour wa Pink Floyd ameitumia kwa gitaa lake, wala si la besi), lakini sauti yake hutoka kwa jeki za kawaida. Ukiwa na F-2B utahitaji kisanduku cha DI pembeni. Hilo si kosa la kifaa, ila liingie kwenye hesabu ya pesa zako kabla hujalipa.

Kando ya XLR mara nyingi kuna swichi ndogo, na hii ndiyo ningetaka uielewe kuliko nobu yoyote. Imeandikwa "pre" upande mmoja na "post" upande wa pili. Ikiwa kwenye "pre", fundi mitambo anapata gitaa lako kabla halijapita kwenye nobu zako. Ikiwa "post", anapata sauti uliyoitengeneza. Mafundi wengi watakuomba "pre", na nawaelewa: wameteswa na wapiga besi wanaoongeza sauti nzito katikati ya wimbo hadi spika zikalia. Lakini ukikubali, kile ulichonunua kwa jasho hakisikiki na mtu yeyote isipokuwa wewe na mpiga ngoma. Ongea naye mapema, wakati wa kupima mitambo, kwa adabu: "Fundi, nitakupa post, na sitagusa nobu tena tukishaanza." Kisha usiguse kweli. Ukitimiza neno mara moja, siku nyingine hatakuuliza.

Swichi nyingine ya kutafuta ni ya kuinua ethi, "ground lift". Mvumo ukianza unapounganishwa na mikseri, swichi hiyo ndiyo dawa. Kuna watu watakaokushauri ung'oe waya wa ethi kwenye plagi. Usifanye hivyo, hata mvumo uwe mkali kiasi gani. Ethi ndiyo inayozuia stima kupita kwenye nyuzi za gitaa na mwilini mwako unapogusa maikrofoni kwa mdomo. Uliza pia kama XLR ile inastahimili volti 48 ambazo mikseri hutuma kwa maikrofoni za studio. Kama muuzaji hajui, mwombe fundi azizime kwenye chaneli yako.

Sasa zungusha nobu. Hapa wageni wengi hudanganywa na macho. Tumezoea kwamba nobu zote zikitazama saa sita, sauti haijaongezwa wala kupunguzwa. Kwa priampu nyingi za kisasa ndivyo ilivyo. Lakini F-1X na F-2B zimerithi mfumo wa sauti wa ampu za Fender za miaka ya 1960, na mfumo huo haufuati saa sita. Ukiweka nobu zote tatu za sauti (nzito, ya kati na kali) katikati, sauti ya kati imeshachimbwa shimo. Ili upate sauti iliyo karibu na ya gitaa lenyewe, unashusha nzito hadi kama 2, kali hadi kama 2, na kupandisha ya kati mpaka 10. Ukiitazama inaonekana kama mtu ameiharibu. Muuzaji mmoja alizirudisha nobu saa sita nilipokuwa nikipiga, akidhani ananisaidia.

Shimo hilo la katikati ni tamu ukiwa peke yako. Nyuzi zinanguruma chini, zinang'aa juu, na unajisikia mkubwa. Kwenye chumba kimoja cha mazoezi pale Umoja nilimsikiliza kijana aliyekuwa amenunua priampu ya aina hiyo. Alipopiga pekee yake wenzake walitikisa vichwa. Ngoma na keybodi vilipoingia akatoweka. Mkono wa kushoto wa mpiga keybodi ulikuwa umekalia sauti yake yote ya chini. Akaongeza volyumu, mpiga keybodi naye akaongeza, na dakika chache baadaye mwimbaji akawa anapiga kelele tu. Hatukumnunulia chochote. Tulipandisha ya kati hadi mwisho, tukashusha nzito karibu yote, na akasikika kwa volyumu ndogo kuliko aliyoanza nayo.

Sababu yake ni ya kisayansi na inafaa uijue. Uzi wa E wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na B ya besi ya nyuzi tano kama mara 31. Spika nyingi za kanisa dogo haziwezi kutoa sauti ya chini hivyo. Kinachomfikia msikilizaji ni mitetemo ya juu yake, 82, 123 na kuendelea, na ubongo wake unakamilisha iliyokosekana. Ukichimba sauti ya kati umemnyima kile kile alichokuwa anasikia. Kwa benga ni vibaya zaidi, kwa sababu besi ya benga haikai chini ikingoja. Inajibizana na gitaa la solo kwa vipande vifupi vya haraka, na vipande hivyo visipokuwa na makali ya katikati vinakuwa matope. (Nadhani tumeharibiwa na matatu. Tumekulia kwenye besi inayotikisa viti vya gari, tukadhani ndivyo gitaa la besi linavyopaswa kusikika.)

Si lazima ununue ya valvu, zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti. SansAmp RBI ya Tech 21, kampuni ya Marekani, haina valvu hata moja, na bado inatoa ule ukali wa ampu ya zamani. Nobu yake muhimu ni "Blend", inayochanganya sauti iliyokaangwa na sauti safi ya gitaa. Mgeni huipeleka mwisho kwa sababu dukani inasisimua. Ianzie chini, uipandishe mpaka uanze kusikia mikwaruzo kidogo, halafu uirudishe nyuma kidogo. Kwa mtu anayepiga mahali tofauti kila wiki na kupanda gari na mzigo wake, ningemshauri aianze hii kabla ya kitu chochote chenye valvu.

Namna ya kujaribu: nenda na gitaa lako mwenyewe na kebo yako. Gitaa la dukani litakuambia habari za gitaa la dukani. Kama lako ni la betri ya volti 9, weka betri mpya, na ujaribu kama priampu ina jeki au swichi ya gitaa la betri, maana nguvu ya gitaa hilo inaweza kuikwaruzisha priampu kabla hujataka. Usiamini sana sauti nzito unayoisikia pale. Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, na maduka mengi ya Luthuli Avenue na River Road hayafiki hapo. Kona moja itavuma, hatua mbili kando hakuna kitu. Ndiyo maana mimi hubeba kifaa kidogo cha kurekodia. Natoa sauti kwa XLR ile ile ambayo fundi mitambo ataitumia, narekodi mistari ninayopiga kazini kila wiki, kisha nasikiliza nyumbani pamoja na rekodi ya bendi. Pandisha volyumu bila kupiga chochote, usikilize mchakacho. Gusa nyuzi kwa kiganja: mvumo ukipungua, tatizo huenda liko kwenye gitaa, si kwenye priampu.

Kuhusu stima. Vifaa vingi vya mtumba vya aina hii vinatoka Marekani, vimetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Sisi tuna 240 na 50. Soma kibao cha mgongoni, si maneno ya muuzaji. Ukikichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo, transfoma ya ndani itaungua. Baadhi zina swichi ya volti, nyingine fundi mwenye ujuzi anaweza kubadilisha nyaya za transfoma ndani. Zisizo na njia hiyo zinataka transfoma ya kushusha. Kwa priampu pekee, transfoma ndogo inatosha. Usiichomekee na pawa pia. Hakikisha transfoma hiyo inapitisha ethi, kwani zile za bei rahisi zenye matundu mawili tu haziipitishi. Transfoma iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 pekee hupata joto zaidi kwa 50, kwa hiyo iachie nafasi ya kupumua ndani ya sanduku. Na kwenye plagi ya pini tatu weka fyuzi ya 3A, si ile ya 13A inayokuja nayo.

Sanduku la raki utatengenezewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wakipewa vipimo. Peleka priampu yenyewe wapime, kina hasa, kwa sababu jeki za nyuma zinahitaji nafasi ya kebo.

Ukinunua ya valvu iliyotumika, iwashe, ingoja ipate joto, kisha gonga kila valvu taratibu kwa penseli. Ikilia kama kengele kwenye spika, valvu hiyo imechoka. Si sababu ya kuacha kununua, ni sababu ya kushusha bei: 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, hupatikana na hubadilishwa bila kulehemu chochote. Usitume M-Pesa ya "kushikilia mzigo" kabla hujausikia. Na ukishalipa, nunua siku hiyo hiyo valvu moja ya akiba na fyuzi mbili za kipimo kilichoandikwa mgongoni, uziweke ndani ya sanduku pamoja na kebo ya XLR ya kwako, kwa sababu ya fundi mitambo imelehemewa mara nyingi kuliko unavyotaka kujua.