Kigoma hadi Guangzhou: hizo saa 21 toa 5

Salama ndugu yangu. Umeuliza kwa nini tiketi ya Dar–Guangzhou kupitia Dubai inaondoka 17:00 na kufika 14:00 kesho yake, saa 21 nzima. China wako mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo safari ni saa 16. Dar–Dubai ni karibu kilomita 4,000, saa tano na nusu hivi; Dubai–Guangzhou kama saa saba na nusu; zilizobaki unasubiri Dubai.

Ila angalia kwanza ndege ya kutoka hapa Kigoma. Mimi niliisoma 07:00 kama saa saba, nikatokea mchana na begi langu, nikamkuta mlinzi peke yake kivulini. Ilikuwa saa moja asubuhi! Tafadhali, fika Dar siku moja kabla.