Maswali ya Wasomaji: Seneta wa Austin na seneta wa Washington

SWALI: Nimehamia Dallas kutoka Nakuru. Nilimwandikia seneta kuhusu maombi yangu ya ukaazi wa kudumu, ofisi yake ikajibu kwamba hilo si lao. Kwani Texas ina maseneta wangapi?

JIBU: Ulibisha mlango wa jirani. Texas ina maseneta 2 huko Washington, na ina Seneti yake yenyewe mjini Austin, makao makuu ya jimbo, yenye wajumbe 31. Uhamiaji na pasipoti ni mambo ya serikali kuu, kwa hiyo waandikie wale 2 au mbunge wako wa Washington. Leseni ya udereva, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na fedha za shule ni za Austin.

Kwenu seneta huchaguliwa na kaunti nzima. Huku mipaka hukatwa kwa kuhesabu vichwa, na kwa sensa ya 2020 seneta mmoja wa Austin ana watu wapatao 940,000, wengi kuliko wa mbunge wa Washington anayetoka Texas, ambaye ana kama 767,000. Kwa wingi huo, barua isiyo na anwani ya nyumbani haifiki mbali, kwani wasaidizi hushughulikia kwanza wakazi wa eneo lao. Weka anwani kamili, namba ya faili, jina la idara, na jambo moja tu unalotaka lifanyike.

SWALI: Muswada tuliokuwa tukiufuatilia ulipita kamatini bila kupingwa, kisha kikao kikaisha haujajadiliwa. Nani aliuzuia?

JIBU: Pengine hakuna aliyenyanyua hata mkono. Kanuni za Seneti ya Austin zinataka miswada ijadiliwe kwa mpangilio ilivyotoka kamatini. Mwanzoni mwa kikao, muswada mwepesi, mara nyingi wa kupamba bustani za kaunti, hutangulizwa kwenye orodha na kuachwa hapo makusudi, kama gari lililozimwa mlangoni mwa kituo cha daladala. Kila muswada ulio nyuma yake sharti uombewe ruhusa ya kuruka foleni, na ruhusa hiyo ina kura zake: zamani theluthi mbili, yaani 21 wakiwapo wote, mwaka 2015 zikashushwa hadi 19, mwaka 2021 hadi 18. Warepublican, chama chenye wengi, walikuwa 20 mwaka 2015, na 18 kamili mwaka 2021. Hesabu hiyo haihitaji mkalimani.

Zaidi ya hapo, anayempa mwenye muswada nafasi ya kusimama ni naibu gavana. Yeye si seneta na hapigi kura ila zikilingana, lakini ndiye anayeteua wenyeviti na kuamua muswada uende kamati ipi. Na kikao cha kawaida ni siku 140 tu, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Zikiisha, muswada umekufa. Uandikisheni upya kikao kijacho.

SWALI: Maseneta wa Austin wanalipwa vizuri?

JIBU: Dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. Wengi wana kazi nyingine.

SWALI: Ni kweli seneta anaweza kuhutubia mpaka muswada ufe?

JIBU: Kweli, ila kwa masharti. Asiketi, asiegemee meza, asile, asiende msalani, wala asitoke nje ya mada. Akivunja kanuni mara tatu, wenzake wanaweza kupiga kura kumkatiza. Tarehe 25 Juni 2013 seneta Wendy Davis alisimama na raba miguuni kwa takriban saa 11 kupinga muswada wa kubana utoaji mimba. Kosa lake moja lilikuwa kusaidiwa na mwenzake kufunga mkanda wa mgongo. Mengine mawili, kutoka nje ya mada. Alipokatizwa, watu roshanini walipiga kelele hadi saa sita ya usiku ikapita kabla kura haijakamilika, na kikao hicho maalumu kilikuwa kimekwisha. Gavana akaitisha kikao kingine maalumu, na muswada ukapita Julai.